Hilux ya dizeli ya zamani ikisumbua sailensi na mafuta: skrubu, njia ya mafuta, nozeli au pampu?

Unaondoa mguu kwenye mafuta ukitarajia injini itulie, badala yake mlio unapanda na kushuka kama vile kuna mtu anakanyaga na kuachia. Siku nyingine inazima kabisa ukisimama kwenye mataa. Au sailensi, yaani injini ikizunguka bila mguu kwenye mafuta, ni nzuri, ila ukikanyaga mlimani gari linafikiria kwanza ndipo liitike. Uliza mafundi watatu. Wa kwanza atasema skrubu ikazwe kidogo, wa pili atasema ni nozeli, kile kinachorusha dizeli ndani ya silinda, wa tatu atakwambia pampu imekwisha. Wote wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa gari lake. Kazi yako ni kujua lako ni lipi kabla hujatoa hela.

Nazungumzia Hilux zile za kizazi cha 1988 hadi 1997 na kilichofuata, zenye injini za 2L (cc 2,446), 3L (cc 2,779) na 5L (cc 2,986), ambazo pampu yake ni ya Denso ya aina ya VE: kila kitu ndani yake ni chuma, springi na dizeli, hakuna kompyuta. Kama yako ina 1KZ-TE au 1KD-FTV, pampu inapokea amri kutoka kwenye kompyuta, na kazi ya kwanza huko ni kusoma makosa iliyoyahifadhi. Hiyo ni habari nyingine.

Kwa nini dalili zinafanana

Kwenye gari la petroli, pedali inafungua mlango wa hewa. Kwenye hizi dizeli pedali inavuta springi ya gavana, kidhibiti cha mizunguko kilicho ndani ya pampu. Vyuma vya gavana vinavyozunguka vinasukumana na springi hiyo, na pale vinapokubaliana ndipo kiasi cha dizeli kinapopatikana. Kwenye sailensi, kwa kawaida mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika, kiasi hicho ni kidogo sana. Kipovu cha hewa ambacho usingekisikia kwenye mizunguko 2,000 kinatosha kuitikisa injini nzima ikiwa sailensi. Ndiyo maana tatizo la tanki, la mpira, la nozeli na la pampu yote huanza kuonekana mahali pamoja.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na ningependa kila mwenye Hilux ya zamani alijue. Hakuna pampu kwenye tanki inayosukuma dizeli kuja mbele. Pampu ya VE yenyewe ndiyo inayofyonza kutoka nyuma mpaka kwenye injini. Kwa hiyo mpira uliopasuka katika njia hiyo mara nyingi hauvuji mafuta nje wakati injini inafanya kazi. Unavuta hewa ndani. Sakafu kavu chini ya gari haimaanishi njia ni nzima.

Nimepima kila njia kwa nini

Nimetumia vigezo vitano kwa zote: inatibu dalili zipi, inakula hela kiasi gani ukiilinganisha na nyingine, gari litalala siku ngapi, unaweza kuharibu nini, na je, ukikosea unaweza kurudi ulipokuwa. Kigezo cha mwisho watu hukisahau. Nozeli ukizitoa bila sababu utapoteza muda na hela za washa. Pampu ikishafunguliwa na mtu asiye na mashine ya kupimia, hairudi kama ilivyokuwa.

Kabla ya yote, fanya vitu viwili ambavyo havihitaji fundi. Zima injini, mwombe mtu akanyage pedali mpaka chini, nawe uangalie mkono ulio kwenye pampu: unagusa skrubu ya mwisho? Akiachia, unarudi mpaka kwenye skrubu ya sailensi? Kebo iliyolegea, au kapeti lililojikunja chini ya pedali, linaweza kulinyima gari nusu ya nguvu zake, na nimeona watu wakibadili nozeli kwa sababu ya kapeti. Kisha kagua filta ya hewa. Ikiwa nyeusi kama mkaa, moshi mweusi na uzito wa gari vimeshapata maelezo.

Njia ya kwanza: kurekebisha kebo na skrubu ya sailensi

Inatibu: sailensi iliyoshuka taratibu kwa miaka lakini haitikisiki, gari linalozima ukiwasha AC, mkono wa pampu usiofika mwisho, na sailensi iliyo juu mno kwa sababu kebo imevutwa sana. Hapa pia angalia kitufe cha kuvuta kwenye dashibodi, kwa Hilux zilizo nacho. Kikibaki kimevutwa kidogo, injini itakaa juu siku nzima na utalaumu pampu. Sailensi inayokuwa juu asubuhi na kugoma kushuka hata injini ikipata moto mara nyingi inatoka kwenye kile kifaa cha nta kilicho ubavuni mwa pampu, kinachopashwa na maji ya rejeta. Maji yasipozunguka humo, kifaa kinadhani bado ni asubuhi.

Gharama na muda: ndogo kuliko zote. Spana mbili na nusu saa.

Hatari: si katika skrubu ya sailensi. Iko kwenye skrubu nyingine, ya kiwango cha mafuta, ambayo mara nyingi ilifungwa kwa lakiri ilipotoka kiwandani. Fundi akiigusa ili “gari lipate nguvu”, utapata moshi mweusi, joto la ziada, na safari moja ya mlima mrefu kama Kitonga inaweza kuipasua silinda hedi. Mwambie wazi kabla hajashika spana: hiyo isiguswe.

Kurudi nyuma: rahisi, ukihesabu umezungusha mara ngapi. Piga alama ya rangi kabla ya kuanza.

Inamfaa mwenye gari ambalo sailensi yake iko chini lakini imetulia. Sailensi inayopanda na kushuka haiponi kwa skrubu. Ukiinyanyua, unaificha tu, na ugonjwa unaendelea kukua chini yake.

Njia ya pili: kuisafisha njia ya mafuta na kuifukuza hewa

Nitakaa hapa zaidi kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza hela nyingi.

Nilikuwa na 3L ya kubebea viazi kutoka vijijini Njombe kwenda Makambako. Ilianza kuwa ngumu kuwaka asubuhi, sailensi inacheza dakika tano za kwanza kisha inatulia. Fundi akasema pampu. Tukaifungua, ikarudi, hali ikawa vilevile. Tukaitoa mara ya pili. Mwezi mzima umepita ndipo kijana mmoja, msaidizi tu wa gereji, akaubana kwa vidole mpira mfupi unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu. Chini ya klipu ulikuwa umekatika kama ukucha. Mpira wa urefu wa kiganja. Usiku dizeli ilikuwa inarudi tankini na hewa inachukua nafasi yake, asubuhi pampu inafyonza hewa kwanza. Hela niliyoilipia pampu sikuipata tena, na ile pampu haikuwa na kosa lolote siku ilipotolewa.

Inatibu: gari gumu kuwaka baada ya kulala, sailensi inayopanda na kushuka, kuzima ghafla na kuwaka tena baada ya kupampu kwa mkono, na kukosa nguvu ukikanyaga kwa muda mrefu. Hiyo dalili ya mwisho ina maana tofauti kidogo: si hewa, ni dizeli kutofika ya kutosha. Fungua mfuniko wa tanki wakati hali ipo. Ukisikia tanki linavuta pumzi na gari likapona, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba. Kama sivyo, kuna filta iliyojaa au chujio lililo ndani ya tanki limefunikwa na uchafu, hasa kwa gari linalonyweshwa dizeli ya madumu.

Kipimo cha kutenganisha njia na pampu ni hiki, na kinashinda maneno ya fundi yeyote. Tafuta dumu safi, dizeli safi ya lita tano, na mipira miwili mipya inayopitisha mwanga. Mmoja uunge kwenye mlango wa kuingilia pampu, mwingine kwenye mlango wa kurudishia, yote ielekee kwenye dumu lililowekwa juu kidogo ya pampu. Toa hewa, washa. Ikiwa sailensi imetulia na gari linaitikia, pampu yako imejitetea yenyewe: kosa liko kati ya tanki na pampu. Ikiwa inaendelea kucheza na mipira haina vipovu, sasa una haki ya kuishuku pampu au nozeli. Angalizo: boliti yenye tundu ya kurudishia ina kitundu chembamba ndani yake. Usiibadilishane na ile ya kuingilia, kwa sababu hicho kitundu ndicho kinachoshikilia presha ndani ya pampu, na ukiichanganya utajitengenezea ugonjwa mpya.

Gharama na muda: filta, mipira, klipu na washa. Ni sehemu ndogo ya bei ya kazi ya pampu. Siku moja, mbili kama tanki litashushwa.

Hatari: ndogo, mradi usafi uzingatiwe. Chembe moja ya mchanga ikiingia baada ya filta inakwenda moja kwa moja kwenye vyuma vilivyosagwa kwa usahihi mkubwa. Jaza filta mpya kwa kupampu kwa mkono, usiimiminie dizeli ya kwenye kikombe. Na maji yaliyo chini ya filta yafunguliwe. Taa ya filta ikiwaka usiizoee.

Kurudi nyuma: hakuna cha kurudisha. Ulichobadili kilikuwa cha kubadilishwa.

Inamfaa karibu kila mtu, hasa anayenunua gari ambalo historia yake haijulikani. Haimfai yule ambaye tayari amefanya kipimo cha dumu na gari halikubadilika. Huyo akiendelea kununua filta anazunguka palepale.

Njia ya tatu: nozeli kwa fundi mwenye pampu ya kupimia

Inatibu: mtikisiko wenye mpangilio, tak-tak-tak ile ile kila mzunguko, mlio wa kugonga kwenye silinda moja, moshi mweupe au mweusi unaokuja kwa mafungu, na gari linalomisi kwenye sailensi lakini linakimbia vizuri barabarani. Tofautisha na hewa: hewa hutikisa bila mpangilio, nozeli mbovu hutikisa kwa kipimo.

Kuitambua: injini ikiwa sailensi, fundi analegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine kwa spana namba 17. Ukilegeza na mlio ukashuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukilegeza na hakuna kilichobadilika, umempata mvivu. Tumia kitambaa, weka miwani, na usiweke kidole mbele ya tundu linalorusha. Dizeli yenye presha hiyo inapenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata kama linaonekana kama kuchomwa na sindano. Mvivu akishapatikana usikimbilie kununua. Hamisha nozeli yake uipeleke silinda ya jirani. Uvivu ukihama nayo, ni nozeli. Ukibaki palepale, tatizo ni silinda yenyewe: valvu, ringi au kompresheni iliyoshuka, na hakuna nozeli mpya itakayoiponya.

Gharama na muda: ya kati. Kupima tu ni nafuu, kubadili ncha zote nne kunapanda. Nusu siku hadi siku moja pale ambapo mashine ya kupimia ipo mjini.

Hatari: washa za shaba za zamani kurudishwa. Zikirudi zitapitisha moto na utasikia mlio kama wa kupuliza. Nunua mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima. Na ncha za bei ya chini sana zinaweza kudondosha matone badala ya kurusha mvuke tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hata mpya zipimwe mbele yako.

Kurudi nyuma: inawezekana, ukiwa umeandika nozeli ipi ilitoka silinda ipi.

Inamfaa mwenye gari lililotembea kilomita nyingi bila nozeli kuguswa, na aliyekwisha kumpata mvivu kwa kipimo. Mwenye sailensi inayocheza bila mpangilio anaweza kupita.

Njia ya nne: pampu, kuifanyia kazi au kuleta ya mtumba

Inatibu: sailensi inayocheza hata kwenye dumu, mkono unaorudi lakini mizunguko inachelewa kushuka, dizeli inayotokeza kwenye shina la mkono wa pampu, na dalili moja ambayo mimi naiheshimu kuliko nyingine: gari linawaka vizuri asubuhi lakini likiwa la moto linagoma. Vyuma vilivyochakaa vinashindwa kushika dizeli iliyopata moto na kuwa nyepesi. Zima, weka kitambaa chenye maji juu ya kichwa cha pampu kwa dakika kumi, jaribu tena. Likiwaka, pampu imejieleza. Usimwagie maji injini ikiwa inazunguka. Vyuma vile vinaweza kushikana.

Lakini kama gari limezima na halitaki kuwaka kabisa, anza na kile kijisumaku cha kuzimia kilicho juu ya pampu na waya wake mmoja. Ukiwasha swichi unapaswa kusikia “tik”. Usiposikia, pima kama umeme wa volti 12 unafika. Ni waya tu, na kuna watu wameshusha pampu kwa ajili yake.

Chanzo cha uchakavu huu mara nyingi ni dizeli yenyewe. Pampu ya VE haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, ulainishaji unapungua na vyuma vinasagana. Uchakachuaji ndio ulioifanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianzishe uwekaji wa vinasaba (kemikali za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 hapa Tanzania. Usinunue dizeli kando ya barabara kwa sababu ya tofauti ya shilingi chache.

Gharama na muda: kubwa kuliko zote. Kuifanyia kazi kunategemea kilichokufa: sili peke yake ni nafuu, kichwa na kisukumio ni bei ya kukuumiza kichwa. Gari litalala siku tatu hadi wiki, zaidi ukiwa mbali na mji mkubwa. Ya mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga kule Nairobi inaweza kufungwa siku hiyo hiyo, na mara nyingi bei yake iko chini ya matengenezo kamili.

Hatari zinatofautiana. Ya kupimwa kwenye mashine hatari yake ni fundi: omba uone pampu yako ikizunguka kwenye mashine na kiasi kinachotoka kila mlango, vyote vinne. Asiyetaka uone, chukua pampu yako uondoke. Ya mtumba hatari yake ni kutojulikana. Linganisha namba kwenye kibati chake na ya kwako, kwa sababu pampu za 2L, 3L na 5L zinafanana kwa macho lakini hazitoi kiasi kilekile, na ya injini yenye turbo ina kofia ya ziada juu. Fungua boliti ya kuingilia: ukiona kutu au maji, iache hapo mezani.

Kurudi nyuma: kwa ya mtumba ndiyo, ukiitunza ya zamani. Usimwachie muuzaji kama sehemu ya malipo mpaka umetembea wiki mbili. Kwa iliyofunguliwa, hapana. Na kwa zote mbili, hakikisha alama ya taimingi imepigwa kabla boliti haijalegezwa.

Inamfaa aliyemaliza kipimo cha dumu na cha nozeli. Kuifanyia kazi kunamfaa anayetaka kukaa na gari miaka mingi na ana fundi wa mashine karibu. Mtumba unamfaa ambaye gari lisipotembea kesho mzigo utaoza.

Kwa hali yako

Sailensi inacheza asubuhi tu, kisha inatulia: anza njia ya pili, mpira kwa mpira, kuanzia kwenye pampu kurudi nyuma. Badili klipu zote kwa mkupuo mmoja.

Gari linakosa nguvu mlimani lakini sailensi ni safi: kebo, filta ya hewa, mfuniko wa tanki, filta ya dizeli, kwa mpangilio huo. Pampu iwe ya mwisho.

Linatikisika kwa mpangilio likiwa sailensi bila moshi na bila kumisi: angalia maunti za injini kabla ya nozeli. Mpira uliochakaa wa maunti unautikisa mlango na kioo wakati injini yenyewe haina shida.

Hali ilianza siku ile ile ulipobadilisha mkanda wa taimingi: rudi kwenye mkanda. Jino moja likiruka, kila dalili ya pampu na nozeli itajitokeza.

Uko kijijini, fundi wa mashine yuko kilomita 200, na hela ni ya matengenezo moja: fanya kipimo cha dumu leo jioni. Kama gari limepona kwenye dumu, unaweza hata kulifunga dumu hilo vizuri kwenye bodi, mbali na joto la injini, ukatembea nalo taratibu hadi mjini kununua mipira. Kama halijapona, safiri na pampu na nozeli pamoja kwa basi, zikiwa zimefungwa milango yote kwa nailoni safi, ili zipimwe siku moja.

Unataka kuliuza gari ndani ya miezi michache: tengeneza njia ya mafuta, pima nozeli, kisha mwonyeshe mnunuzi ulichofanya na ambacho hukufanya.